Uandishi wa Ripoti ya Hitilafu ya Programu: Tawi Lililosahauliwa la Utungaji wa Kiuamilifu

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia namna ya kuandika kwa Kiswahili ripoti ya hitilafu ya programu ya kompyuta au ya simu. Hoja kuu ni kwamba ripoti bora ni ile inayomwezesha msomaji ambaye hakuwapo kuirudia hitilafu hiyo mwenyewe na kuiona kwa macho yake. Hoja hii inafafanuliwa kwa mfano wa kubuni uliowekwa katika eneo la Ngoliba, Thika Mashariki, na kwa visa vya kweli kutoka Kenya, Marekani na Uingereza. Aidha, makala yanabainisha vipengele vya sarufi ya Kiswahili vinavyoweza kuisaidia ripoti ya aina hii au kuiharibu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hufunzwa tangu shule ya upili kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, tahariri, wasifukazi, maagizo na ripoti. Tungo hizi huitwa za kiuamilifu kwa sababu kila mojawapo ina kazi mahususi katika jamii, na hupimwa kwa kigezo cha iwapo imeitimiza kazi hiyo. Barua ya kuomba kazi isiyotaja kazi inayoombwa haina faida hata kama lugha yake ni tamu.

Kuna utungo mmoja wa aina hii ambao watu wengi huuandika bila kuwahi kufunzwa. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha. Baadaye ikawa pia daftari la mauzo, kadi ya hospitali na karani wa chama. Programu ya simu ikienda mrama, fedha, zamu ya mgonjwa au jasho la mkulima huingia hatarini. Mtumiaji hulazimika kumwandikia mtengenezaji wa programu ili amweleze lililotokea. Mara nyingi huandika hivi: "Programu yenu haifanyi kazi. Rekebisheni haraka." Fundi akiusoma ujumbe huo hana la kurekebisha, kwa kuwa hajaambiwa ni kazi gani haikufanyika, wapi, lini, wala baada ya hatua zipi. Hujibu kwa kuuliza, mtumiaji hujibu kwa hasira, na siku hupita.

Makala haya yanachukulia kwamba tatizo hilo ni la kiutungaji kabla ya kuwa la kiteknolojia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya kulitatua.

2.0 Dhana ya Hitilafu

Wataalamu wa kompyuta wanaotumia Kiingereza huiita kasoro ya programu kwa neno lenye maana ya mdudu. Matumizi hayo ni ya zamani: mvumbuzi Thomas Edison aliyatumia katika barua aliyoiandika mwaka 1878, kabla ya kuwapo kwa kompyuta za kielektroniki. Tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi waliokuwa wakiitumia kompyuta ya Harvard Mark II nchini Marekani walimkuta nondo ndani ya mashine hiyo. Walimbandika kwenye daftari lao la kazi na kuandika kando yake kwamba hatimaye mdudu halisi amepatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Ikumbukwe kwamba wahandisi hao hawakuridhika na kusema mashine ilikuwa mbovu. Waliandika saa, mahali na kitu walichokiona, na hata kitu chenyewe wakakihifadhi.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana kimaana katika uwanja huu: kasoro, dosari, ila na hitilafu. Makala haya yanapendekeza neno hitilafu, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni tofauti, yaani kutoafikiana kwa vitu viwili. Hitilafu ya programu, basi, ni tofauti kati ya jambo lililotarajiwa na jambo lililotokea. Tofauti haiwezi kuonyeshwa kwa kutaja upande mmoja tu. Anayeandika kwamba "jumla ilikuwa 25" hajaripoti hitilafu, kwa sababu huenda 25 ndilo jibu sahihi. Anayeandika kwamba "jumla ilipaswa kuwa 12.5 lakini ilikuwa 25" ameiripoti.

Kutokana na maana hiyo, ripoti ya hitilafu husimama juu ya nguzo tatu: hatua zilizochukuliwa, tarajio la mtumiaji, na tokeo lililoonekana. Mengine yote huzitegemea nguzo hizi.

3.0 Mfano kutoka Ngoliba

Ngoliba ni wadi iliyo mashariki mwa mji wa Thika katika Kaunti ya Kiambu, upande wa Mto Athi na mlima wa Kilimambogo. Kwa ajili ya ufafanuzi, ichukuliwe kwamba kikundi fulani cha wakulima wa eneo hili hukuza kwa kumwagilia maji yale maharagwe machanga yanayojulikana kwa wakulima wengi kama mishiri. Kila asubuhi mazao hupimwa kwenye banda la kukusanyia. Karani huingiza uzani wa kila mkulima katika programu ya simu, na mwisho wa wiki mnunuzi hulipa kulingana na jumla iliyomo katika programu hiyo. Kikundi hiki, karani wake na programu yenyewe ni vya kubuni.

Siku moja jumla ya programu inazidi jumla ya daftari la karatasi. Daftari linaonyesha kilo 412, programu inaonyesha kilo 463.5. Mnunuzi anakataa kulipa hadi kilo 51.5 zilizozidi zielezwe. Mwenyekiti, mzee aliyemjua karani tangu utotoni, anamwita kando na kumuuliza, "Mwanangu, kilo hizi umempa nani?" Swali limeulizwa kwa upole, lakini ni tuhuma. Karani, kwa uchungu, anamwandikia mtengenezaji:

"Programu yenu ni mbovu na inatuharibia jina. Inaongeza kilo ovyo. Ilifanya hivyo saa tatu. Nyinyi ni wezi au hamjui kazi."

Ripoti hii ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umefunikwa. Neno "ovyo" linamwambia fundi kwamba hakuna utaratibu wa kutafuta. "Saa tatu" haijulikani ni ya mchana au ya usiku. Shutuma ya wizi inamfanya msomaji ajitetee badala ya kuchunguza. Baada ya siku mbili bila jibu la maana, karani anaketi na kuitafuta hitilafu mwenyewe. Anakumbuka kwamba asubuhi ile mtandao ulikuwa ukikatika, na kwamba mara kadhaa alibofya kitufe cha kuhifadhi tena alipoona programu imekwama. Anafungua akaunti ya mkulima wa majaribio ili asiguse hesabu ya mtu, anajaribu mara kumi, kisha anaandika:

Kichwa: Rekodi moja huhifadhiwa mara mbili "Hifadhi" inapobofywa tena wakati hakuna mtandao.

Siku na saa: Jumanne, 12 Machi 2024, saa 3:10 asubuhi (09:10), saa za Kenya.

Kifaa: Simu ya Android 11, programu toleo la 2.3.

Hatua:
1. Nilimchagua mkulima anayeitwa "Jaribio".
2. Nikaandika uzani wa kilo 12.5.
3. Nikazima data ya simu.
4. Nikabofya "Hifadhi". Duara lilizunguka, hakuna ujumbe wowote ulioonekana.
5. Baada ya sekunde kama 10, nikabofya "Hifadhi" mara ya pili.
6. Nikawasha data ya simu.

Tarajio: Rekodi moja ya kilo 12.5.

Tokeo: Rekodi mbili za kilo 12.5 kila moja. Jumla kilo 25.

Marudio: Data ikiwa imezimwa, hitilafu ilitokea mara 5 kati ya 5. Data ikiwa imewashwa na mtandao ukiwa mzuri, haikutokea hata mara moja kati ya 5.

Athari: Tarehe 8 Machi programu ilizidisha jumla ya siku kwa kilo 51.5. Malipo ya wakulima yamesimamishwa.

Viambatisho: Picha ya skrini baada ya hatua ya 4 na ya 6, picha ya ukurasa wa daftari la karatasi, majina yakiwa yamefunikwa.

Fundi aliyepata ripoti hii, hata akiwa Nairobi au Bangalore, anaweza kuzifuata hatua sita na kuiona hitilafu kwenye simu yake kabla chai haijapoa. Akishaiona, dawa yake inajulikana: kila rekodi ipewe namba yake ya pekee kabla haijatumwa, ili seva ikiipokea mara ya pili iitambue na isiihifadhi tena. Ripoti haikutaja dawa hiyo wala haikuhitaji kuitaja. Kazi yake ilikuwa kumfikisha fundi mahali pa ugonjwa.

4.0 Vipengele vya Ripoti Bora

4.1 Hatua zinazoweza kurudiwa

Umuhimu wa hatua unadhihirika katika kisa cha mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa sita wanaojulikana katika Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Tarehe 21 Machi 1986, katika kituo kimoja cha saratani mjini Tyler, Texas, mashine ilisimama na kuonyesha ujumbe "Malfunction 54". Wahandisi wa kampuni waliipima mashine lakini hawakuweza kuirudia hitilafu, na mashine ikarejeshwa kazini. Tarehe 11 Aprili mwaka huohuo jambo lilelile likatokea tena.

Safari hii mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, aliketi na mhudumu aliyekuwa akiiendesha mashine. Pamoja walirudia kila alichokuwa amekifanya, kitufe kwa kitufe, hadi walipoweza kuuleta ujumbe ule walipotaka. Siri ilikuwa kasi. Mhudumu alikuwa ameingiza herufi ya aina isiyofaa ya tiba, akarudi juu na kuisahihisha upesi kwa kuwa alikuwa mzoefu wa kazi. Waliojaribu polepole hawakuona kitu. Laiti ripoti ya kwanza ingekuwa na maneno "nikarudi nyuma, nikasahihisha herufi haraka, nikaendelea", uchunguzi ungekuwa na pa kuanzia.

Funzo ni kwamba mwandishi wa ripoti asiondoe hatua kwa sababu anaiona ndogo. Kusahihisha kosa, kusubiri, kupokea simu katikati ya kazi na kubofya mara mbili ni mambo madogo kwa mtumiaji, ilhali kwa programu huenda ndiyo chanzo.

4.2 Tarajio, tokeo na takwimu

Maneno kama "nyingi", "kubwa", "polepole" na "kila mara" humwachia msomaji kazi ya kukisia. Takwimu humpa njia. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo ya awali yaliyorushwa kwa njia ya kielektroniki yalionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Tume ya uchaguzi ilieleza baadaye kwamba hitilafu ya programu ilikuwa ikiizidisha idadi ya kura hizo mara 8. Katika matokeo rasmi ya mwisho, kura zilizokataliwa zilikuwa 108,975. Aliyesema tu kwamba kura zilizokataliwa ni nyingi mno alikuwa na malalamiko. Aliyeweka takwimu ya kituo kando ya takwimu ya skrini na kuona kwamba ya pili ni mara 8 ya ya kwanza alikuwa na ufunguo, kwani uwiano usiobadilika huelekeza kwenye hesabu iliyoandikwa vibaya. Hali kadhalika, karani wa Ngoliba aligundua kwamba 25 ni mara mbili kamili ya 12.5, na hapo ndipo neno "ovyo" lilipofutika.

4.3 Mazingira

Hitilafu nyingi huishi katika mazingira fulani tu. Ripoti itaje aina ya simu au kompyuta, toleo la mfumo wake, toleo la programu, na hali ya mtandao. Iwapo simu ya jirani haina hitilafu hiyo, jambo hilo pia liandikwe. Habari ya mahali ambapo hitilafu haitokei husaidia kama habari ya mahali inapotokea.

4.4 Ushahidi, dhana na staha

Ujumbe wa hitilafu unaotokea kwenye skrini unakiliwe herufi kwa herufi, au upigwe picha. Kuufupisha au kuutafsiri ni kuupoteza, kwa kuwa fundi huutafuta ndani ya programu jinsi ulivyo.

Mwandishi anaruhusiwa kuwa na dhana kuhusu chanzo, mradi aiweke mwisho na aiite dhana. Ripoti inayosema "seva yenu imejaa" bila kueleza kilichoonekana humpeleka fundi kwenye seva, ilhali pengine tatizo limo kwenye simu. Kila ripoti ibebe hitilafu moja. Hitilafu mbili zikifungwa pamoja, moja hurekebishwa na nyingine husahaulika.

Staha nayo ina manufaa ya kikazi. Tusi halimpi msomaji habari yoyote na huchukua nafasi ya habari. Aidha, ripoti husomwa na wengi. Nywila, namba za siri, namba za vitambulisho na majina ya wateja yasiingizwe humo. Nchini Kenya, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahimiza uangalifu huo.

5.0 Masuala ya Lugha

5.1 Saa ya Kiswahili

Mswahili huhesabu saa tangu macheo na machweo, na saa yake hutofautiana na ya kimataifa kwa saa sita. Tofauti hii haiwasumbui watu wanaozungumza ana kwa ana. Katika ripoti ya hitilafu inaweza kuwapotosha. Fundi hutafuta tukio katika kumbukumbu za seva kwa kufuata saa lililotokea, na seva nyingi huhifadhi saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. "Saa tatu asubuhi" ya karani wa Ngoliba ni 09:00 kwenye simu yake na 06:00 katika kumbukumbu za seva. Fundi asiyejua desturi ya Kiswahili atatafuta 03:00. Tukio moja limepata saa tatu tofauti. Suluhisho ni kuandika saa kwa Kiswahili, kuiandika tena kwa tarakimu za mfumo wa saa 24, na kutaja kwamba ni saa za Kenya.

5.2 Upatanisho wa ngeli

Kiswahili husifiwa kwa upatanisho wake wa kisarufi, ambao humwezesha msomaji kujua kiambishi fulani kinarejelea nomino ipi. Hata hivyo, istilahi nyingi za kompyuta zilizokopwa zimeingia katika ngeli ya I-ZI: kompyuta, programu, simu, seva, rekodi, namba. Hapo upatanisho hupoteza uwezo wake wa kupambanua. Katika sentensi "Niliifungua, ikakataa, nikaizima, ikarudi", haijulikani kilichofunguliwa ni simu, programu au rekodi. Mwalimu wa insha humshauri mwanafunzi asirudierudie nomino. Katika ripoti ya hitilafu ushauri huo ugeuzwe: nomino irudiwe kila mara inapohitajika, hata kama mtindo utachakaa.

5.3 Njeo na hali

Kwa upande mwingine, mfumo wa vitenzi vya Kiswahili unaifaa sana kazi hii. Sentensi "programu ilizima", "programu imezima" na "programu huzima" zina habari tatu: tukio lililopita, hali inayoendelea baada ya tukio, na jambo la kawaida. Anayeandika "huzima" baada ya kuona mara moja amedanganya bila kukusudia. Kiambishi -ka- nacho hupanga matukio kwa mfuatano: "nikaandika, nikazima, nikabofya". Kiambishi -ki- hutaja sharti: "mtandao ukikatika". Mwandishi anayevitumia viambishi hivi kwa uangalifu huokoa maneno mengi ya maelezo.

5.4 Kauli za vitenzi

Kauli ya kutendeka humficha mtenda. "Rekodi imefutika" haisemi ni nani aliyeifuta. "Rekodi imefutwa" inaashiria kwamba yupo mtenda asiyetajwa. "Nimeifuta rekodi" inakiri. Wengi hukimbilia "imefutika" na "imeharibika" kwa kuogopa lawama, na kwa kufanya hivyo huizika hatua muhimu kuliko zote, yaani ile waliyoichukua wenyewe. Ripoti ya hitilafu haitafuti mkosaji. Mtumiaji aliyebofya kitufe kisichofaa na akapoteza kazi ya siku nzima bila kuonywa amegundua udhaifu wa programu, na inafaa aseme "nilibofya".

Vitenzi vya sitiari kama "imegoma", "imekataa" na "inasumbua" navyo viepukwe. Badala yake pawekwe kilichoonekana: skrini ikawa nyeupe, duara likazunguka kwa dakika mbili, programu ikajifunga.

5.5 Majina ya vitufe na programu za Kiswahili

Jina la kitufe liandikwe kama lilivyo kwenye skrini, ndani ya alama za mtajo. Kikiwa kimeandikwa kwa Kiingereza kisitafsiriwe, maana fundi hatakitambua kwa tafsiri ya mtumiaji.

Jambo hili linagusa pia programu zilizotafsiriwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maandishi ya Kiswahili. Kazi kama hiyo huzaa hitilafu za aina yake: istilahi moja kutafsiriwa kwa namna mbili, upatanisho kuvunjika pale programu inapopachika nomino ndani ya sentensi, au neno kukatwa kwa kuwa kitufe ni kifupi. Hitilafu hizi mwanaprogramu asiyejua Kiswahili hawezi kuziona. Mwanafunzi wa isimu anaziona mara moja, na akiziripoti kwa kufuata nguzo tatu, mchango wake una uzito sawa na wa mhandisi.

6.0 Ripoti na Haki

Huenda ikadhaniwa kwamba yote haya ni mambo ya kuwarahisishia mafundi kazi. Kisa cha posta ya Uingereza kinaonyesha vinginevyo. Kuanzia mwaka 1999 wasimamizi wa matawi ya posta nchini humo walipewa mfumo wa hesabu wa kompyuta uitwao Horizon. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao wao hawakuuelewa. Wengi walipiga simu kuomba msaada, na wengi wameeleza kwamba waliambiwa ni wao pekee wenye tatizo hilo. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au makosa ya hesabu. Baadhi walifungwa. Mwezi Desemba mwaka 2019, katika kesi iliyofunguliwa na walalamikaji 555 wakiongozwa na Alan Bates, Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kusababisha upungufu wa uongo. Mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa jumla.

Wasimamizi wale hawakukosa kulalamika. Walichonyimwa ni kuona kinachoendelea ndani ya mfumo, na kuunganisha malalamiko yao na ya wenzao. Ripoti iliyoandikwa vizuri haimhakikishii mwandishi kwamba ataaminiwa, kwani mwenye nguvu anaweza kuitupa. Hata hivyo hubaki kuwa ushahidi. Ikiwa na tarehe, hatua, takwimu na nakala iliyohifadhiwa na mwandishi, inaweza kuwekwa kando ya ripoti ya mtu wa wilaya nyingine na kuonekana kwamba ni jambo moja. Kwa karani wa Ngoliba, ripoti ya pili ilikuwa pia jibu kwa mwenyekiti. Swali "umempa nani?" lilijibiwa kwa jambo ambalo mzee yeyote angeweza kushikishwa simu na kulishuhudia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ripoti ya hitilafu ni utungo wa kiuamilifu wenye muundo wake: kichwa kinachobainisha tatizo, wakati, mazingira, hatua, tarajio, tokeo, marudio, athari na ushahidi. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuuandika utungo huo kwa usahihi, pamoja na mitego michache inayohitaji tahadhari, hususan saa na ngeli ya I-ZI. Inapendekezwa kwamba walimu wa utungaji waiweke ripoti ya hitilafu kando ya barua rasmi na kumbukumbu, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili waanze kwa programu wanazozitumia kila siku. Kipimo ni kimoja: mtu ambaye hakuwapo aisome ripoti, azifuate hatua, na alione alichokiona mwandishi.

Zoezi

1. Taja habari zinazokosekana katika ripoti hii, kisha iandike upya kwa kubuni habari hizo: "Niliituma jana saa mbili, ikagoma, nikairudia ikakataa tena. Fedha zimekatika."

2. Fafanua tofauti ya maana kati ya "faili limepotea", "faili lilipotea" na "faili hupotea" katika ripoti ya hitilafu.

3. Chagua programu yoyote ya simu yenye maandishi ya Kiswahili. Tafuta hitilafu moja ya upatanisho wa kisarufi na uiripoti kwa kufuata nguzo tatu zilizofafanuliwa katika sehemu ya 2.0.